Uzi: Jinsi ya kuandika rivyu ya kitabu bila kumwaga mchele kwenye kuku wengi

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Nimeamua nianzishe huu uzi maana kila nikipita sehemu ambapo wasomaji wanajadili vitabu nakutana na kitu kilekile, mtu kamaliza riwaya usiku wa manane, asubuhi hata uso hajanawa kashika simu anaandika "aisee hiki kitabu ni moto, sikutegemea kabisa kama mjomba ndiye alikuwa anafanya yote yale", anamalizia na nyota tano. Sasa ndugu yangu wewe hukutegemea na ndo raha yenyewe uliyoipata hiyo, mbona mimi unaninyima?

Nianze na hili. Wengi wakisikia spoila wanafikiria mwisho wa kitabu tu. Sio hivyo. Spoila ni kumpa msomaji jibu kabla kitabu hakijamuuliza swali, au kumtolea jibu wakati mwandishi bado anataka ahangaike nalo. Ndo maana kuna vitabu unaweza kutaja kifo cha mhusika mkuu na usimuibie mtu chochote. Shakespeare kwenye Romeo and Juliet anatwambia kwenye utangulizi kabisa, kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo, kwamba hao wapenzi wawili watakufa. Siri pale sio kifo, mtu anakaa mpaka mwisho kuona inakuwaje wanafikia huko. Halafu kuna kitabu kingine ukisema tu "mke wa kwanza wa huyo bwana" umeshaua kurasa mia mbili, kwa sababu kumbe hakuna aliyejua kama aliwahi kuoa.

Kwahiyo swali la kujiuliza kabla ya kuandika jambo lolote ni hili: hili nililijua ukurasa wa ngapi? Ukiona ulilijua kwenye sura mbili tatu za mwanzo andika bila wasiwasi, hapo mwandishi bado anakukaribisha. Ukiona ni kuanzia katikati kwenda mbele, lifungie. Mimi nikisoma kitabu ninachojua nitakiandikia huwa natia alama ya penseli pale ambapo mambo yanabadilika, ili nikija kuandika nisichanganye kilichokuwa wazi toka mwanzo na kilichonifikia baadaye, maana ukishamaliza kitabu kichwani kila kitu kinaonekana kilikuwa wazi. Na msitegemee sana maneno ya jalada la nyuma, kuna wachapishaji wanamwaga mpaka sura ya kumi pale nyuma.

Ila spoila mbaya kuliko zote kwangu ni zile za kimyakimya, mtu anazitoa huku anaamini katunza siri. "Kuna twisti kali sana mwishoni", basi mimi nitasoma kitabu kizima kama askari wa lindo. "Msimulizi usimuamini", umemaliza, hiyo ndo ilikuwa siri yenyewe. "Huyu dada mwanzoni nilimchukia ila mbele huko nikamuonea huruma", sasa nikikutana na ubaya wake sura ya pili nimeshajua unasamehewa. Kuna wale wa kuandika "alikuwa baba mwema sana", alikuwa? Kwani yuko wapi saa hizi? Na kuna hii ya kulinganisha, "kinanikumbusha kile kitabu maarufu cha fulani", kumbe vinafanana kwenye mtego wa mwisho, yani sentensi moja imeua vitabu viwili.

Ngoja nioneshe kwa mfano. Tutunge riwaya hapahapa, haipo sokoni msije mkaitafuta. Kuna mwanamke mumewe alienda baharini hakurudi. Mwaka mmoja baadaye zinaanza kuja barua zenye mwandiko wa mume. Katikati ya kitabu tunajua anayeziandika ni mama mkwe. Rivyu ya kawaida inakuwa hivi:

*"Riwaya nzuri sana, inahusu mwanamke ambaye mume wake alizama baharini. Anapata barua akidhani mume yupo hai kumbe mama mkwe ndo anaziandika maana hataki mkwewe aolewe tena aondoke na mjukuu. Mwisho anagundua na wanasameheana. Inafundisha sana. 5/5"*

Achana na siri iliyomwagwa. Angalieni kitu kingine, hiyo rivyu haijasema LOLOTE kuhusu kitabu. Lugha ikoje? Kinaenda taratibu au mbio? Hao watu wanaaminika au ni vikaragosi? Hatujui. Mtu kasimulia matukio akaona kamaliza kazi. Na mimi naamini spoila nyingi sio roho mbaya ya mtu, ni kwamba kusimulia ni rahisi kuliko kueleza kwa nini kitabu kimekushika au kimekuboa, kwahiyo matukio yanajaza ile nafasi ambayo maoni yako yalitakiwa yakae.

Sasa ione hii:

*"Mume kaenda baharini hajarudi, na mwaka mmoja baadaye zinaanza kuja barua zenye mwandiko wake. Riwaya inaanzia hapo na mwandishi hana haraka ya kukutoa hapo. Karibu kila kitu kinatokea ndani ya nyumba moja, wanawake wawili na mtoto, na nilichokipenda ni namna wanavyokwepa kuongelea jambo ambalo wote wanaliwaza. Barua zenyewe ni fupi, zinauliza vitu vidogo, paa bado linavuja? mtoto kaacha kunyonya kidole? na huo udogo ndo ulionitisha. Kasoro ipo: kuna jirani anatokea kila mwandishi akitaka habari fulani isemwe, akija mara ya tatu unaanza kumuona mwandishi nyuma yake anamsukuma. Ukitaka kitabu cha kukimbiza hiki kitakuchosha mapema. Ukipenda watu wasiosema yote, kichukue."*

Hapo umejua kitabu kikoje, umejua kama kinakufaa, na siri ipo palepale. Karibuni tuchangie, hasa wenye uzoefu.

#2

Nakazia mkuu. Na wale wa kwenye magrupu wanaoandika "nipo ukurasa wa 210 jamani SIAMINI kama kafa" bila hata kutaja kitabu, mtu unakaa unajiuliza nani kafa kwenye kitabu gani, ukikifungua chako unasoma kwa hofu.

#3

Mleta uzi mimi naomba nitofautiane na wewe kidogo. Hizi spoila tumezikuza mno. Mwaka 2011 kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Leavitt na Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi wasome, wengine wakatobolewa mwisho kabla. Matokeo yake waliotobolewa walizifurahia zaidi kwa ujumla. Hata zile za upelelezi! Kitabu kizuri hakiharibiki kwa kujua mwisho, la sivyo kusingekuwa na watu wanaorudia kusoma. Ukiona kitabu kimeharibika kwa sentensi moja ya rivyu basi hakikuwa na kitu kingine.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3 huo utafiti naufahamu na ni wa kweli, ila haukuishia hapo. Mwaka 2015 wengine wawili, Johnson na Rosenbaum, walipima tena wakapata kinyume, hadithi zilizotobolewa zilishika watu kidogo kuliko ambazo hazikutobolewa. Kwahiyo sayansi yenyewe haijatoa hukumu. Halafu hadithi fupi unaimaliza kwa kikao kimoja, sio sawa na riwaya ya kurasa 500 ambayo mtu kaishi nayo wiki nzima anajiuliza.

Kuhusu kurudia, hilo nakubaliana na wewe mia kwa mia, usomaji wa pili una utamu wake, unaona jinsi mwandishi alivyotega mitego toka mwanzo wewe ukapita juu yake. Ila usomaji wa pili mtu ataupata siku yoyote akitaka. Ule wa kwanza ukishampokonya huwezi kumrudishia. Anayependa kujua mwisho afungue ukurasa wa mwisho mwenyewe, hakuna aliyemfunga mikono.

#5

Mimi nina swali la kitaalamu jamani. Vipi kama kitabu chote ni kizuri ila mwisho ndo mbovu? Maana hapo maoni yangu yote yapo kwenye mwisho. Nikikaa kimya nawadanganya watu, nikisema natoboa. Huwa nakwama hapo naishia kutoandika kabisa.

#6

#5 dada yangu hapo usiseme kilichotokea, sema kilivyofanyika. Kwa mfano: mwandishi katumia kurasa mia tatu kufunga mafundo halafu kayafungua yote kwa kurasa kumi. Au: mambo mawili makubwa yaliyoanzishwa mwanzoni hayarudi tena. Au: suluhisho limekuja kwa bahati tu, wahusika wenyewe hawajalihangaikia. Au lugha imebadilika ghafla utadhani kamalizia mtu mwingine. Hakuna hata moja hapo inayosema nani kafanya nini, lakini msomaji kashajua ajiandae.

Cha kukwepa ni zile sifa zinazofunga mlango kabisa, "mwisho wa furaha", "mwisho wa kusikitisha", "haki haikutendeka". Hizo ni jibu tosha.

Tena John Updike, yule mwandishi wa Marekani, aliwahi kuandika kanuni zake za kuhakiki vitabu, zimo kwenye kitabu chake cha 1975. Mojawapo ni usisimulie sana matukio na usitoe mwisho. Lakini ninayoipenda mimi ni ile ya kwanza, kwamba jaribu kwanza kuelewa mwandishi alitaka kufanya nini, usimlaumu kwa kushindwa kitu ambacho hakukijaribu. Nusu ya malalamiko ya watu kuhusu miisho yanaangukia hapo, mwandishi kataka akuache na swali, wewe unamdai jibu.

#7

Hahaha #6 umenipiga na mimi humohumo. Ila kuna miisho ya wazi ambayo ni uvivu wa mwandishi tu tusidanganyane, kachoka kaacha.

#8

Na mifululizo je? Maana ukiandika rivyu ya kitabu cha tatu, ile kutaja tu kwamba mhusika yupo ni spoila kwa anayesoma cha kwanza, ambako kuna sura nzima hatujui kama atapona.

#9 Mleta uzi

#8 hapo hakuna ujanja, huwezi kuwaridhisha wote. Mimi naweka mstari wa kwanza kabisa, "hiki ni cha tatu, kama hujamaliza cha pili ishia hapa", halafu naandika kwa uhuru kwa walio pamoja nami. Ila ule mstari uwe juu kabisa na baada yake uache nafasi, sio unatoa tahadhari na spoila ndani ya sentensi moja. "Tahadhari ya spoila anakufa." Sasa hapo mtu angekimbilia wapi.

#10

Mimi ni mtu wa upelelezi tu, hivyo vingine sisomi. Niwape la kwetu. Kuna tamthilia ya Agatha Christie inaitwa The Mousetrap, ilianza kuoneshwa London 1952 na kuna desturi kwamba ikiisha mmoja wa waigizaji anawaomba watazamaji wasimtaje muuaji huko nje. Kwahiyo hii shida haijaanza na sisi wala na intaneti.

Rivyu ya upelelezi ina hatari zake. Ukitaja washukiwa wanne kati ya watano, msomaji mwenye akili anauliza wa tano umemfichia nini. Ama utaje wote kama mwandishi alivyowapanga au usitaje hata mmoja. Usiseme pia "nilimjua mapema", maana mtu ataanza kumtafuta mapema na atampata. Ongelea mpelelezi anavyofikiri, anachekesha au anaboa, mazingira yakoje, na kubwa zaidi ongelea kama mwandishi kacheza haki. Dalili zilikuwepo mbele ya macho yetu au muuaji kachomolewa mfukoni sura ya mwisho? Hilo unaweza kulijibu ndiyo au hapana na hakuna anayejua chochote kuhusu nani.

Na nukuu chukueni za mwanzoni. Kuna mtu alibandika "aya niliyoipenda" kumbe ni muuaji anakiri. Dah.

#11

Naomba kuuliza, vitabu ambavyo sio hadithi navyo vina spoila? Mfano vya historia, au hivi vya kufundisha maisha.

#12

#11 hapo ni kinyume kabisa kwa maoni yangu. Mtu kaandika kitabu kujenga hoja, rivyu isiyotaja hoja haina kazi. Nimechoka na rivyu za "kitabu hiki kitakufungua macho kuhusu fedha, kinunue ujionee". Kimesemaje? Hoja iko wapi, ushahidi kautoa wapi, wewe umeona wapi panalegea? Toa hoja yake kuu kwa uaminifu halafu ipinge au iunge mkono. Kwenye historia ndo kabisa, vita imeisha miaka hiyo kila mtu anajua nani alishinda.

Labda tawasifu ndo ipo katikati. Mtu anasimulia maisha yake mwenyewe na kuna mambo kayaweka nyuma kwa makusudi, hapo tumia ile kanuni ya mleta uzi ya ukurasa wa ngapi.

Mashairi wala usiwaze, kitakachomuharibia mtu shairi ni rivyu inayolieleza mpaka likauke.

#13

Samahani kuna jambo hamjaligusa na kwangu ni zito. Kuna watu hawawezi kusoma mambo fulani kwa sababu yamewapata. Kufiwa na mtoto, kubakwa, mtu kujiua. Mimi nina moja kati ya hizo na sitaki kukutana nayo ghafla saa sita usiku ukurasa wa 300. Nyie mnasema mtunze siri, na mimi nahitaji kuambiwa. Inakuwaje?

#14 Mleta uzi

#13 ahsante sana kwa kulileta, na pole. Hapa mimi naona uhai wa mtu unatangulia raha ya mtu. Kinachowezekana ni kuyaweka mahali ambapo anayehitaji atayafuata na asiyehitaji atapita. Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, wana sehemu ya kuficha rivyu yenye spoila mpaka mtu abonyeze, na majukwaa mengi yana namna ya kufunika maandishi. Zamani kwenye Usenet, yale majukwaa ya majadiliano ya kabla ya haya ya sasa, watu walikuwa wanatumia ROT13, kila herufi inasogezwa nafasi kumi na tatu kwenye alfabeti, maneno yanakuwa hayasomeki mpaka uamue kuyarudisha. Lengo ni hilohilo, msomaji achague mwenyewe.

Kama unapoandikia hakuna kitufe cha kuficha, weka mwisho kabisa baada ya mistari mitupu kadhaa, taja jambo usitaje mtu wala sura. "Kuna kifo cha mtoto" inatosha, usiseme wa nani. Kuna watakaojua kidogo kuliko walivyotaka na wengine watajua zaidi, ndo hali halisi.

#15

Nimeelewa, hiyo ya mwisho wa ukurasa inanifaa. Ubarikiwe.

#16

Mimi ni mwalimu, niongeze kidogo. Wanafunzi wanachanganya rivyu na uhakiki wa darasani. Uhakiki unaandikiwa mtu aliyeshasoma, lazima uguse mpaka mwisho, huwezi kuchambua dhamira ya riwaya huku unaficha nusu ya riwaya. Rivyu inaandikiwa ambaye hajasoma na anajiuliza asome au aache. Ukijua unaongea na nani kati ya hao wawili mengi yanajipanga.

#17

Wakuu nimeusoma uzi wote toka juu nikarudi kwenye ule mfano wa barua za baharini na nina kesi na mleta uzi. Umesema siri ipo palepale, haipo! Umeandika barua zinakuja, halafu sentensi mbili mbele unasema nyumba ina wanawake wawili na mtoto. Haya, mtoto ananyonya kidole, hawezi kuandika. Mke ndiye anayepokea. Amebaki nani?? Nilimjua mama mkwe kabla hata ya kufika kwa jirani.

#18 Mleta uzi

Hahaha #17 wewe ulishasoma rivyu mbovu hapo juu yake, mama mkwe ulishatajiwa, usinibambikie kesi. Na wanaoishi kwenye hiyo nyumba msomaji anawajua ukurasa wa kwanza, mwandishi mwenyewe kamuweka bibi pale sebuleni.

#19

Mleta uzi upo sahihi na #17 naye yupo sahihi. Kila kimoja kipo ukurasa wa kwanza, sikatai. Ila kwenye kitabu hizo habari mbili zimetenganishwa na mambo kibao, chakula kinapikwa, mtoto analia, jirani kaja. Wewe kwenye rivyu umezibandika pamoja maana nafasi ni ndogo. Mambo mawili ambayo hayana kosa ukiyakalisha pamoja yanaanza kuongea. Nimewahi kuona rivyu haikutoboa chochote ila mpangilio wa sentensi ulitoboa kila kitu.

Dawa ni kuzitenganisha. Mimi ningeandika hivi:

*"Karibu kila kitu kinatokea ndani ya nyumba moja ya mwanamke ambaye mume wake aliondoka kwenda baharini na hakurudi, na nilichokipenda ni namna watu wa humo wanavyokwepa kuongelea jambo ambalo wote wanaliwaza. Kuna jirani anayetokea kila mwandishi akitaka habari fulani isemwe, huyo alinichosha. Halafu barua zinaanza kuja, zina mwandiko wa mume, fupi, zinauliza kama paa bado linavuja."*

Hesabu ya watu nimeitoa, "watu wa humo" inatosha. Jirani nimemleta mbele ya barua, ili mtu akipenda kushuku aanze naye.

#20

Hiyo ya jirani nimeipenda, kasoro ya kitabu umeigeuza kifuniko. Ila #19 na kidole cha mtoto umekitoa, na mimi ndo kilichonitisha kuliko paa. Kirudishe.

#21

#20 kirudishwe, ila kiwe kimoja tu, paa litoke. Yakikaa yote mawili mtu ataanza kujiuliza nani anaijua hiyo nyumba vizuri hivyo.